Maradhi ya Ulaji: Namna ya Kuyatambua na Kuyatibu

Tuchukue mfano wa msichana wa kidato cha tatu anayefikishwa zahanati baada ya kuzimia mstarini. Uzito wake ni wa kawaida. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, cha mimba vilevile. Hupewa vidonge vya kuongeza damu na kurudishwa nyumbani. Laiti angeulizwa habari ya chakula, pengine ingejulikana kwamba hujitapisha kila baada ya mlo, na kwamba potasiamu iliyopungua mwilini mwake yaweza kuuvuruga moyo hata ukasimama.

Maradhi ya ulaji si uroho, si maringo wala si utovu wa adabu. Ni maradhi ya akili yanayoudhuru mwili, nayo huwapata wanawake na wanaume, wanene kwa wembamba.

Aina kuu tatu

*Anoreksia nevosa.* Mgonjwa hujinyima chakula hadi uzito ukawa chini ya ule unaofaa kwa umri na urefu wake, huku akiogopa mno kunenepa. Hata akikonda, hujiona mnene.

*Bulimia nevosa*, iliyoelezwa na daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979. Mgonjwa hula chakula kingi kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha, hushinda na njaa au hufanya mazoezi kupita kiasi. Kwa kuwa mara nyingi hakondi, ndugu na wahudumu hawamtambui.

*Ulaji wa kupindukia.* Mgonjwa hula kingi vivyo hivyo, mara nyingi kwa kificho na kwa majuto, lakini hajitapishi.

Je, desturi humkinga mtu?

Katika jamii nyingi unene husifiwa kuwa dalili ya afya na neema, na wengi hudhani maradhi haya ni ya Wazungu. Visiwani Fiji, ambako pia mwili mnene ulisifiwa, watafiti waliwahoji wasichana wa shule mwaka 1995, televisheni ilipokuwa imeingia tu. Hakuna aliyesema hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998, zaidi ya mmoja kati ya kila kumi waliohojiwa alikiri kufanya hivyo.

Kufunga kwa ibada si maradhi. Hata hivyo, mgonjwa aweza kujificha nyuma ya saumu. Anayeendelea kujinyima baada ya mfungo kwisha astahili kuulizwa.

Dalili na maswali

Dalili za kutazamwa ni hedhi kukatika, kuhisi baridi, kizunguzungu, mapigo ya moyo ya polepole, tezi za mate kuvimba chini ya masikio, meno kulika na makovu mgongoni mwa vidole. Baada ya hapo, mhudumu aulize kwa upole, faraghani:

1. Je, hujitapisha kwa kuhisi umeshiba kupita kiasi?
2. Je, una hofu kwamba huwezi kujizuia kula?
3. Je, umepungua zaidi ya kilo 6 katika miezi mitatu?
4. Je, hujiona mnene hali wengine husema umekonda?
5. Je, chakula kimetawala maisha yako?

Majibu mawili ya ndiyo yatosha kudai uchunguzi zaidi, pamoja na kipimo cha potasiamu na cha moyo.

Tiba

Kwa kijana mwenye anoreksia, tiba inayotangulizwa ni ya familia: wazazi husimamia milo bila kulaumu, kisha humrudishia mtoto madaraka kidogo kidogo kadiri anavyopona. Kwa bulimia na ulaji wa kupindukia, msingi ni tiba ya mazungumzo, ambayo humfundisha mgonjwa kula kwa saa maalumu na kuyapima mawazo yanayomsukuma. Fluoksetini, miligramu 60 kwa siku, huwasaidia watu wazima wenye bulimia. Hutolewa na daktari.

Anayejitapisha asipige mswaki papo hapo; asukutue kwa maji kwanza, maana asidi hulainisha meno.

Angalizo kwa wahudumu

Mgonjwa aliyekonda sana au aliyekaa siku nyingi bila kula asilishwe kwa pupa. Chakula kingi cha ghafla huifanya fosfati ya damuni iingie ndani ya seli na kupungua kwa kasi. Moyo huweza kushindwa, degedege likafuata. Apewe thiamini kabla ya kulishwa, aanze na kiasi kidogo, na fosfati, potasiamu na magnesiamu zipimwe kila siku. Penye upungufu wa vipimo, apewe rufaa mapema.

Wagonjwa wengi hupona, hasa wakianza tiba mapema. Wengi hawasemi kwa sababu ya aibu, na anayesubiri kuulizwa aweza kusubiri miaka. Swali moja la upole zahanatini laweza kuwa mwanzo wa tiba.