Kiti cha Barazani Kinaliwa na Chumvi

Mdogo wangu wa Kigamboni, nimekusoma. Viti vya chuma vya barazani havijamaliza mwaka na vimeshatoka vipele vya kutu, nawe una uhakika fundi kakupiga. Kabla hujamfuata, hebu niambie: unaviosha kwa maji gani?

Nauliza kwa sababu mimi niliua meza nzuri hivyo hivyo, nikamlaumu fundi wa watu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, inatua kwenye kiti usiione. Chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo chuma kinashinda kimelowa hata kiangazi. Sasa ukija na maji ya kisima ya chumvichumvi, si unaipalilia kutu? Maji hayo yatoe vumbi tu. Suuza mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua uliyokinga. Ndoo moja kwa wiki inatosha. Halafu kausha kwa kitambaa, hasa chini ya kiti na kwenye maungio, kule mgeni asikokuona. Miguu ya bomba ikiwa inahifadhi maji, mwambie fundi aitoboe tundu dogo kwa chini.

Vipele vishatoka? Piga msasa mpaka chuma king'ae. Stilwaya iache jikoni, inaacha vinyuzi vinavyoshika kutu vyenyewe. Futa vumbi, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, usilaze chuma uchi. Ikikauka, rangi ya mafuta mara 2. Kazi hii ifanye Januari au Februari, masika hayajaingia.

Wewe mwenye viti vya mtiki vilivyogeuka kijivu, tulia, haviumwi. Ni jua tu, na mimi rangi ile naipenda. Sabuni na brashi laini, ufuate nyuzi za mbao. Ukipaka mafuta ya kitani, kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke; kikikunjwa kikatupwa kona huweza kujipasha moto mpaka kikawaka.

Plastiki ni sabuni ya unga. Ukungu mweusi utie jiki kidogo kwenye maji mengi, na kamwe usiichanganye na siki wala dawa ya choo, mvuke wake ni sumu. Kiti kikianza kukuachia unga mweupe mkononi, jua limeshakila. Hicho weka ndoo, usije ukamkalisha mama mkwe.