Tairi Jipya la Pikipiki: Soma Ubavu Wake Kabla ya Kulipa

Mwendeshaji pikipiki anayetoka Mwatate kwenda Wundanyi hupanda mlima kwa kona zinazofuatana, na wakati wa kurudi huzishuka kona hizo hizo akiwa na abiria nyuma na breki mkononi. Kinachomshikilia barabarani ni matairi mawili, na kila moja linagusa lami kwa eneo lisilozidi kiganja cha mkono. Hata hivyo, tairi ni kati ya vipuri vinavyonunuliwa kwa haraka zaidi. Mteja anasema, "Nipe la nyuma la Boxer," wanapatana bei, fundi anafunga, na kazi inaendelea.

Somo la toleo hili linahusu kuchagua tairi la kubadilisha. Linawalenga wanabodaboda wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, wenye pikipiki wanaowakabidhi vijana kazi, na maafisa wa nyanjani wa afya na kilimo ambao hutegemea pikipiki kuzifikia familia zilizo mbali na barabara kuu. Abiria pia wasome. Wao ndio wanaokaa juu ya tairi la nyuma.

Neno "radiali" na maana yake

Siku hizi baadhi ya wauzaji humshawishi mteja kwa neno moja: radiali. Wanalitaja kana kwamba ni daraja la ubora, kama vile tairi lisilo radiali ni la hali ya chini. Sivyo. Radiali ni namna ya kupanga nyuzi zilizo ndani ya mpira.

Tairi la kawaida la bodaboda lina tabaka za nyuzi zilizolazwa mshazari, tabaka moja likikatana na jingine mfano wa mkeka uliosukwa. Mpangilio huo huzifanya mbavu za tairi kuwa ngumu. Hustahimili mzigo, mawe na kingo za mashimo, na gharama ya kulitengeneza ni ya chini. Katika tairi la radiali, nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa rimu hadi mwingine, kisha mkanda mgumu huzungushwa chini ya sehemu inayogusa barabara. Mbavu zake hunyumbulika zaidi, halipati joto haraka, na hutulia vizuri kwenye mwendo wa kasi. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili hataza ya tairi la gari la aina hii mwaka 1946. Pikipiki za barabarani zilianza kulipata miaka ya 1980, nazo zilikuwa pikipiki kubwa zenye nguvu na rimu pana.

Kwa hivyo swali la kwanza dukani si lipi bora, bali pikipiki hii iliundiwa lipi. KTM Duke 390 hutoka kiwandani na radiali na inapaswa kuendelea nayo. Pikipiki nyingi za bodaboda za cc 100 hadi 150, zenye rimu nyembamba za spoki, ziliundiwa matairi ya nyuzi mshazari. Anayezifunga radiali kwa kutafuta sifa anatoa pesa zaidi na kupata pikipiki isiyotulia. Hatari zaidi ni kuchanganya, radiali nyuma na mshazari mbele au kinyume chake, kwa sababu kwenye kona kila tairi hujikunja kwa namna yake. Mchanganyiko kama huo haufai isipokuwa pale mtengenezaji wa pikipiki ameuruhusu kwa maandishi.

Tarakimu za ubavuni

Kila tairi halali lina maandishi ubavuni, na maandishi hayo yanasema kweli kuliko tangazo la dukani. Chukua mfano wa 3.00-17 50P. Tarakimu 3.00 ni upana kwa inchi, yaani kama milimita 76. Alama ya kistari inaonyesha kwamba nyuzi ni za mshazari. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na hapo hakuna nafasi ya kubahatisha kwani tairi la 18 halikai kwenye rimu ya 17.

Radiali huandikwa tofauti kidogo. Katika 110/70 R17 54H, upana ni milimita 110, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 77, na herufi R ndiyo inayothibitisha kwamba ni radiali. Iwapo muuzaji anasema radiali na R haipo, mazungumzo ya bei yasimame hapo.

Namba na herufi za mwisho ndizo wengi huziruka, nazo ndizo zinazobeba uhai wa watu. Herufi ni kikomo cha kasi: P ni kilomita 150 kwa saa, H ni 210. Kwa bodaboda, kasi hiyo ni zaidi ya mahitaji. Namba iliyotangulia herufi ni kikomo cha mzigo ambao tairi hilo moja linaweza kubeba likiwa na upepo wa kutosha. Namba 41 ni kilo 145. Namba 45 ni kilo 165, 47 ni kilo 175, na 50 ni kilo 190.

Tufanye hesabu. Tuseme pikipiki ina uzito wa kilo 120, dereva kilo 70 na abiria kilo 70. Jumla ni kilo 260. Abiria anapokaa, sehemu kubwa ya uzito huenda nyuma, na tukikadiria theluthi mbili, tairi la nyuma linabeba kama kilo 173. Tairi lenye namba 45 limeshapita kikomo chake kabla safari haijaanza. Lenye namba 50 bado lina nafasi ya kilo 17. Sasa ongeza mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye keria. Karibu uzito wote wa mfuko huo unakaa juu ya gurudumu la nyuma, na mzigo unafika kilo 223 hivi. Hata lile la namba 50 limezidiwa kwa zaidi ya kilo 30.

Matairi hayo mawili, la 45 na la 50, yanaweza kuwa na upana mmoja, sura moja na kuning'inia kwenye msumari mmoja dukani. Tofauti iko katika tarakimu mbili ndogo. Kwenye baadhi ya matairi utaona pia 4PR au 6PR, ambayo ni daraja la uimara wa tabaka. Kwa anayebeba abiria na mizigo kila siku, 6PR ndiyo inayofaa nyuma, hata kama bei yake inauma kidogo.

Tairi pana

Vijana wengi hupenda tairi pana la nyuma, na hakuna ubishi kwamba pikipiki huonekana ya maana zaidi. Tatizo ni kwamba rimu haipanuki. Tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba hujikunja na kuinua mgongo katikati, kwa hivyo sehemu inayogusa lami inaweza kupungua badala ya kuongezeka. Linaweza pia kusugua cheni au mkono wa gurudumu, jambo ambalo huonekana tu pikipiki ikishapakia mzigo na shokabu zikishuka. Saizi iliyo kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko kilicho karibu na cheni ndiyo ya kufuatwa. Kama vyote viwili vimepotea, muulize muuzaji wa pikipiki za aina hiyo, si muuzaji wa matairi peke yake.

Desturi nyingine ni kulihamisha mbele tairi la nyuma lililoanza kuisha, ili "limalizikie huko." Breki inapokamatwa kwa nguvu, uzito hukimbilia gurudumu la mbele, na hapo ndipo meno yanapohitajika zaidi. Matairi mengi yana mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka, na baadhi yana mishale miwili, mmoja wa matumizi ya mbele na mwingine wa nyuma.

Tairi jipya lililozeeka

Tairi ambalo halijawahi kutumika linaweza kuwa limechoka. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 3421, tairi lilitengenezwa wiki ya 34 ya mwaka 2021. Mpira hukauka kadiri unavyokaa. Baadhi ya watengenezaji hushauri tairi lisitumike zaidi ya miaka 10 hata kama meno yake bado yamesimama, na likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka.

Katika mji wenye joto kama Voi, mahali tairi lilipowekwa ni muhimu vilevile. Lile linaloning'inizwa nje ya duka kama bango la biashara, linapigwa na jua asubuhi hadi jioni. Likunje ubavu kwa vidole na uangalie. Ukiona nyufa ndogo kama za udongo uliokauka, omba lililo ndani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Matairi ya mitumba yanahitaji jicho kali zaidi. Yapo yaliyochongwa meno upya kwa kisu cha moto, na mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba kiasi cha kutobolewa na mwiba wa mgunga. Ndani ya mifereji ya tairi la kweli kuna vinundu vidogo, na ubavuni alama ya TWI huonyesha vilipo. Meno yakiisha hadi kulingana na vinundu hivyo, mara nyingi ikiwa imebaki kama milimita 0.8, tairi limekwisha. Kama mifereji ni mirefu lakini vinundu havipo au vimekatwa, kisu kimepita hapo.

Tyubu, miiba na meno

TT maana yake tairi la kutumia tyubu, na TL ni lile lisilo na tyubu. Rimu nyingi za spoki huvuja upepo kwenye matundu ya spoki, kwa hivyo haziwezi kufanya kazi bila tyubu. TL ina faida kubwa kwenye rimu iliyoundiwa: ikichomwa na mwiba hupunguza upepo polepole, ilhali tyubu inaweza kuisha ghafla. Radiali ikilazimika kuwekwa tyubu, iwe tyubu iliyoandikwa kwamba ni ya radiali, kwa kuwa ile ya kawaida husuguliwa na mbavu zinazonyumbulika hadi ikapata joto na kuchanika.

Anayebadilisha tairi na kurudisha tyubu kuukuu yenye viraka vitano ameokoa pesa kidogo mahali pasipofaa. Ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki nao uangaliwe, kwani ukikatika spoki huitoboa tyubu kutoka ndani na fundi huishia kumlaumu mwiba asiouona.

Kuhusu meno, jiulize pikipiki inashinda wapi. Anayefanya kazi kwenye lami kati ya Voi na Mwatate anahitaji meno ya barabara, yenye mpira mwingi unaogusa chini na mifereji ya kutoa maji. Anayepanda njia za udongo kuelekea mashambani juu ya Wundanyi wakati wa mvua za Oktoba hadi Desemba atafaidika na meno makubwa yaliyoachana, yanayotema tope. Meno hayo hayo kwenye lami yenye maji hushika kidogo na huisha haraka. Anayegawa siku yake nusu kwa nusu achukue meno ya kati, na apunguze mwendo kila upande.

Siku ya kufunga

Fundi apake maji ya sabuni kwenye ukingo, asitumie petroli wala oili chafu, ambazo hula mpira. Tairi likishajazwa, ule mstari mwembamba unaozunguka karibu na rimu uwe umbali sawa pande zote. Ukizama upande mmoja, tairi halijakaa na litatikisa pikipiki. Kabla ya kuondoka, hakikisha nati ya ekseli imekazwa na pini yake imerudishwa, cheni haijalegea, na breki inashika.

Upepo upimwe kwa geji, asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kiwango cha kitabu cha pikipiki husika. Vitabu vingi hutoa viwango viwili vya nyuma, cha dereva peke yake na cha dereva na abiria. Kugonga tairi kwa kiatu si kipimo. Tairi lenye upepo haba hujikunja kila mzunguko, hupata joto, na joto hilo ndilo hupasua matairi mengi kwenye miteremko mirefu.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki. Ukirudi kwenye hesabu ya hapo juu na kuongeza mtu wa tatu mwenye kilo 60, utaona tairi la nyuma linaombwa nini. Abiria naye anayo haki ya kutazama tairi kabla ya kupanda, na akiona nyuzi zimejitokeza au meno yamekwisha, achukue pikipiki nyingine bila kuona haya.

Tairi likiwa jipya kabisa, uso wake huwa laini na wenye utelezi. Kilomita 150 hivi za mwanzo ziendeshwe taratibu, bila kulala sana kwenye kona wala kukamata breki kwa ghafla, na upepo upimwe tena siku inayofuata. Risiti itunzwe, pamoja na tarakimu zile nne za DOT zikiwa zimeandikwa nyuma yake.