Barua Pepe ya Kazini: Kivinjari au Programu ya Kompyuta

Barua pepe ya kazini husomwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufungua kivinjari, kuandika anwani ya mfumo wa ofisi na kuingia kwa nywila. Barua zote hubaki kwenye seva, na msomaji huona ukurasa ulioletwa na mtandao wakati huo. Ya pili ni programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta, kama Outlook au Thunderbird, ambayo huchukua nakala za barua na kuzihifadhi kwenye diski. Mjini, penye mtandao wa saa zote, kuchagua kati ya hizo mbili ni suala la mazoea. Katika kata kama Busunzu, wilayani Kibondo, ambako mwalimu mkuu au mtendaji mara nyingi huunganisha kompyuta mpakato kwa bando la simu yake, uchaguzi huo hugusa mfuko na hugusa pia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha taarifa Halmashauri.

Programu ndiyo kongwe. Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971. Utaratibu wa kupakua barua uitwao POP ulitoka mwaka 1984, na ule wa IMAP ulibuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Kwa miaka mingi baadaye kompyuta za nyumbani na za ofisi ndogo ziliunganishwa kwa kupiga simu, na dakika zililipiwa. Mtumiaji aliunganisha, akachukua barua zake, akakata, kisha akasoma na kujibu bila haraka. Barua pepe ya kivinjari ilienea baada ya Hotmail kuanza Julai 1996, na mwaka 2004 Gmail ikaja na nafasi ya gigabaiti 1 bila malipo. Mtu anayehesabu bando Busunzu leo yuko karibu zaidi na mtumiaji wa enzi ya kupiga simu kuliko na karani wa Dar es Salaam, na ndiyo sababu programu inayoonekana ya kizamani bado inamfaa.

Kwa watumishi wa umma, anwani za kazi huishia na .go.tz. Mfumo wa barua pepe serikalini husimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), iliyoanza kama wakala mwaka 2012 na kupewa hadhi ya mamlaka kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Mlango uliozoeleka wa mifumo ya aina hii ni kivinjari. Kuunganisha programu kunahitaji Afisa TEHAMA wa Halmashauri athibitishe kwamba njia hiyo imefunguliwa, kisha atoe majina ya seva na namba za milango: kwa kawaida 993 ya kupokelea kwa IMAP, na 465 au 587 ya kutuma. Si kila taasisi inayoiruhusu.

Gharama ya data ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko yote. Katika kupokea, programu hushinda. Kivinjari hupakia upya sehemu za ukurasa kila kinapofunguliwa, na waraka uliosomwa jana ukihitajika leo huvutwa tena kutoka kwenye seva. Programu huuvuta mara moja tu. Hatari yake iko siku ya kwanza: ikiachwa ijiendee, hupakua barua za miaka kadhaa na kumaliza bando kabla ya kikasha kufunguka. Thunderbird ina mpangilio wa kuchukua barua za siku 30 za karibuni tu na wa kuacha zile zinazozidi ukubwa fulani. Mpangilio huo uwekwe kabla ya upakuaji kuanza, na ni afadhali kazi yote ya mwanzo ifanyike Kibondo mjini kwenye mtandao wa ofisi.

Katika kutuma, mambo hugeuka. Kiambatisho kinachotumwa na programu hubadilishwa kwanza kuwa maandishi yanayoweza kusafiri kwa barua, na hapo huongezeka kwa takriban theluthi. Picha za megabaiti 9 huwa 12. Kisha, kama seva haihifadhi yenyewe nakala za barua zilizotumwa, programu hupakia barua ileile mara ya pili ili iwekwe kwenye folda ya Zilizotumwa. Megabaiti 9 zimekwisha kuwa 24. Kivinjari hupakia faili lilivyo, mara moja, na kazi nyingine hufanywa huko kwenye seva. Kwa hiyo anayepokea nyaraka nyingi na kujibu kwa maneno machache atafaidika na programu. Anayetuma picha za ujenzi wa madarasa kila wiki atumie kivinjari, au apunguze picha kwanza.

Umeme nao umo. Hadi mwaka 2022, ulipofikiwa na gridi ya taifa, mkoa wa Kigoma ulitegemea jenereta za dizeli. Gridi haikuondoa kukatika kwa umeme, na mnara wa simu nao unaweza kuzimika. Mwenye programu na betri huendelea kusoma na kuandika. Lakini barua iliyoandikwa bila mtandao hukaa kwenye folda ya zinazosubiri kutumwa, na watu wengi hubonyeza Tuma, hufunga kompyuta na kuondoka wakiamini imekwenda. Folda hiyo ikaguliwe kila mara mtandao unaporudi. Kwenye kivinjari kosa ni la upande wa pili: mtandao ukikatika katikati ya kuandika, maneno ya mwisho yanaweza kupotea, hivyo barua ndefu iandikwe kwanza kwenye faili la kawaida.

Katika programu kuna uamuzi mmoja usiofaa kuachiwa bahati, nao ni kati ya POP na IMAP. IMAP huacha barua kwenye seva na kulinganisha nakala, hivyo barua iliyosomwa kwenye simu huonekana imesomwa kwenye kompyuta pia. POP huleta barua kwenye mashine moja, na, kutegemea mipangilio, inaweza kuzifuta kwenye seva. Mashine ikiibwa au diski ikifa, barua zimekwisha. Kwa ofisi ya umma POP haina sababu ya kutumika, isipokuwa seva haina njia nyingine, na hapo chaguo la kuacha nakala kwenye seva liwashwe.

Usalama hutegemea kompyuta ni ya nani. Kwenye mashine ya steshenari au ya walimu wote, kivinjari tu ndicho kinachofaa: nywila isihifadhiwe, mtumiaji atoke kwenye akaunti, na viambatisho vilivyopakuliwa kwa ajili ya kuchapwa vifutwe. Programu ikisakinishwa hapo, yeyote anayeiwasha husoma barua bila kuulizwa chochote. Orodha za wagonjwa au wanafunzi zikisomwa hivyo, jambo linaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kompyuta mpakato ya mtu mmoja inaruhusu programu, mradi iwe na nywila ya kuwashia na diski iliyofungwa kwa usimbaji.

Jina la programu halitoshi kujua inavyofanya kazi. Programu ya Mail iliyokuja na Windows 10 iliacha kuhudumiwa mwishoni mwa 2024, na Outlook mpya iliyochukua nafasi yake hupitisha barua za akaunti zisizo za Microsoft kwenye seva za kampuni hiyo. Anwani ya .go.tz isiunganishwe humo bila idhini ya Afisa TEHAMA. Programu za barua kwenye simu, kwa upande wake, nyingi hutumia IMAP na kuweka barua za karibuni tu.

Mtumishi anapohamishwa, barua zilizobaki kwenye seva hushughulikiwa na taasisi kwa utaratibu wake. Zile alizohamishia kwenye folda za ndani ya kompyuta, kwa kawaida ili kupunguza ujazo wa kikasha, seva haina nakala zake. Kabla ya makabidhiano hurudishwa kwenye folda za seva, au huhifadhiwa kama faili na kuandikwa kwenye hati ya makabidhiano pamoja na vifaa vingine vya ofisi.