Kutoka sauti nzito hadi sauti kali: namna ya kupanga rangi ya kinanda chako

Jumapili katika makanisa mengi ya Bunia, kinanda ndicho kinachoibeba kwaya. Vingi vya vinanda hivyo vimeshapita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mpigaji wa sasa, na kitabu cha maelekezo kilibaki njiani. Mpigaji hujifunza kwa sikio. Huchagua mlio uliomvutia nyumbani akiwa na hedifoni, kisha ibadani mambo yanageuka: maneno ya waimbaji hayasikiki, au kinanda kinamezwa na magitaa. Fundi wa sono hupandisha sauti, hushusha, hupandisha tena, na bado hakuna nafuu.

Mara nyingi kasoro iko kwenye rangi ya sauti. Mlio umekuwa mzito mno, wenye giza, kana kwamba umefunikwa blanketi. Au umekuwa mkali mno, unachoma masikio na kukanyaga sauti za watu. Rangi hiyo inaweza kupangwa, na hakuna haja ya kununua kinanda kingine.

Giza na mwanga vinatoka wapi

Chukua adungu, kinubi cha Waaluri wa upande wa Mahagi. Chuna uzi mmoja katikati: unatoa mlio wa mviringo, laini. Chuna uzi uleule karibu kabisa na mwisho wake: noti ni ileile, lakini sasa mlio ni mkali na mwembamba. Uzi unapotetemeka hutoa sauti ya msingi pamoja na sauti nyingine za juu yake, ziitwazo hamoniki. Noti ya La yenye msingi wa hezi 110 huandamana na hamoniki za hezi 220, 330, 440, 550 na kuendelea. Hamoniki za juu zikiwa na nguvu, mlio huwa angavu. Zikiwa dhaifu, mlio huwa wa giza. Mahali unapouchuna uzi ndipo panapoamua hamoniki zipi zitapata nguvu.

Sinthesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti chenyewe, hufanya kazi hiyohiyo kwa umeme au kwa hesabu za kompyuta. Huanza na wimbi. Wimbi safi la mviringo lina sauti ya msingi peke yake, kwa hiyo ndilo lenye giza kuliko yote. Wimbi la pembetatu lina hamoniki za namba witiri tu, nazo hupungua haraka, hivyo bado ni laini, karibu na filimbi. Wimbi la mraba lina hamoniki hizohizo za witiri, ila zina nguvu zaidi. Wimbi la msumeno lina hamoniki zote, na ndilo hutumika sana kwa milio ya nyuzi na tarumbeta.

Kichujio ndicho usukani

Baada ya wimbi huja kichujio. Kilichozoeleka zaidi huruhusu sauti za chini zipite na kupunguza za juu. Ukizungusha kitufe cha kikomo kwenda kushoto, kichujio hujifunga na mlio huingia gizani. Ukikipeleka kulia, hujifungua na mwanga hurudi. Kama utajifunza kitufe kimoja tu katika maisha yako ya kupiga kinanda, jifunze hiki.

Vichujio havikati kwa nguvu sawa. Vingine hupunguza desibeli 12 kwa kila oktavi inayopita kikomo, vingine desibeli 24. Minimoog, sinthesaiza iliyotoka mwaka 1970, ina kichujio cha desibeli 24, na hiyo ni sababu mojawapo ya besi yake nene kupendwa mpaka leo.

Kando yake kuna resonansi. Hii huzipa nguvu sauti zilizo pale pale kwenye kikomo, kwa hiyo ukiizidisha utasikia mluzi au sauti ya puani. Kwenye spika ndogo, resonansi nyingi ndiyo huleta mlio unaochoma. Iache chini mpaka uwe na sababu ya kuipandisha.

Halafu kuna mwendo wa kichujio kwa muda. Unaweza kukipanga kifunguke ghafla unapobonyeza na kujifunga taratibu: hapo noti huanza na mwanga na kuishia gizani, kama uzi uliochunwa. Ukikipanga kifunguke polepole, mlio huingia kama mlango unaofunguliwa taratibu, na ndio unaofaa chini ya maombi.

Si kila sinthesaiza ina kichujio. Yamaha DX7, iliyotoka mwaka 1983, haina kabisa. Ilijengwa juu ya njia aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford: wimbi moja hutikisa jingine, na hamoniki mpya huzaliwa. Mwanga wake hupangwa kwa kuongeza au kupunguza nguvu ya wimbi linalotikisa. Ndiyo maana mlio wake wa kengele na ule wa piano ya umeme unang'aa namna ile. Anayetaka kusikia tabia hizi zikikaa pamoja amsikilize Hailu Mergia wa Ethiopia, ambaye mwaka 1985 alirekodi huko Marekani albamu yenye akodiani, sinthesaiza ya Moog na DX7. Albamu hiyo ilitolewa upya mwaka 2013, hivyo haina shida kupatikana.

Chagua rangi kwa kazi ya wimbo

Herufi kama sh, t na k, zinazofanya neno lieleweke, hukaa zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi. Kinanda chenye mwanga mwingi hukaa mahali hapohapo. Ndiyo sababu mlio wa nyuzi uliofunguliwa wote unaweza kuyafuta maneno ya mwimbaji hata kama haupigwi kwa nguvu.

Wakati wa kuabudu, funga kichujio. Mlio wa giza hushika msingi, na mwimbaji hubaki na nafasi yake yote juu.

Wakati wa kusifu, sebene, ile sehemu ya kucheza, inapowaka, wengi hufungua kila kitu ili wasikike. Sikiliza kwanza magitaa. Magitaa ya solo na mi-solo tayari yamejaa huko juu, na matoazi ya ngoma pia. Kinanda kikipanda nao, masikio hayatofautishi tena nani anapiga nini. Una njia mbili nzuri: ubaki na giza la wastani ukishika akodi katikati, au utumie mlio mkali kwa vipande vifupi, gitaa linapopumzika, kisha urudi.

Kwa besi ya mkono wa kushoto, giza tupu nalo lina hatari. Spika ndogo haziwezi kutoa sauti za chini sana, kwa hiyo besi isiyo na hamoniki hupotea. Fungua kichujio kidogo tu, sikio lipate hamoniki za kuitambulia noti.

Hatua za kufuata kabla ya ibada

1. Panga mlio ukisikiliza spika za ukumbi. Hedifoni zina mwanga wake, spika zina wake.
2. Weka ikwalaiza ya miksa katikati, besi na trebo zote. Tengeneza rangi kwenye kinanda kwanza.
3. Funga kichujio mpaka mlio uwe mzito kupita kiasi. Kisha mwombe mwenzako aimbe ubeti mmoja.
4. Fungua taratibu mpaka kinanda kisikike wazi pamoja naye, halafu rudi nyuma kidogo.
5. Mtume mtu akae benchi la mwisho. Asikuambie kama mlio ni mtamu; akurudie maneno aliyoyasikia.
6. Hifadhi mlio kwenye kumbukumbu ya kinanda mara moja. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi yote imekwenda.

Kumbuka kwamba ukumbi mtupu unadanganya. Kuta za saruji na paa la bati hurudisha sauti za juu, lakini watu na nguo zao huzinyonya. Mlio uliokuwa mkali kidogo Jumamosi jioni unaweza kuwa sawa kabisa Jumapili watu wakijaa. Na mvua ikilipiga bati, kelele yake hujaza sauti za chini na za juu kwa pamoja. Hapo kuongeza mwanga husaidia kidogo tu. Afadhali kupunguza idadi ya noti na kumwachia mwimbaji.

Kama kinanda chako hakina kitufe cha kichujio

Vinanda vingi vya nyumbani havina kitufe hicho kwa nje. Tafuta kwanza ndani ya menyu: vingine huandika filta, vingine huandika mwangaza wa sauti. Kama una kibodi ya kuunganisha na kompyuta, amri ya MIDI namba 74 kwa kawaida ndiyo ya mwangaza, na namba 71 ni ya resonansi.

Ukikosa kabisa, bado una njia nne. Badilisha mlio: filimbi na ogani laini ni za giza, tarumbeta na kengele ni za mwanga. Shuka oktavi moja. Bonyeza kwa wepesi, maana katika vinanda vinavyohisi nguvu ya kidole, noti iliyopigwa taratibu mara nyingi huwa na giza zaidi. Mwisho, punguza trebo ya chaneli ya kinanda peke yake kwenye miksa, usiguse ile ya mikrofoni.

Kwa anayetaka kujifunza bila kinanda cha bei kubwa, programu ya Surge XT ni ya bure na hufanya kazi kwenye kompyuta za Windows, Mac na Linux. Ipakue mara moja mahali penye intaneti, kisha jifunzie nyumbani bila mtandao. Chagua wimbi la msumeno, shika noti moja, na uzungushe kikomo cha kichujio kutoka mwanzo hadi mwisho. Rudia mpaka sikio lijue kila hatua ya safari hiyo bila kutazama kioo.

Mpigaji mwenye sikio hilo hasumbuliwi na aina ya kinanda alichopewa. Kwaya imetumia wiki nzima kuyashika maneno ya wimbo, na waliokaa nyuma wametembea mbali kuja kuyasikia. Wajibu wa kinanda ni kuyabeba yafike hadi benchi la mwisho.