Kumlinda Mtuhumiwa Mwenye Ulemavu wa Akili

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili: huanza utotoni, wala hauondolewi na dawa. Mtuhumiwa mwenye hali hiyo kutoka Tarime au Serengeti aweza kuamriwa na mahakama akachunguzwe Isanga, Dodoma; sheria hutaka ripoti ndani ya siku 42.

Popote azuiliwapo, mbali na ndugu, huelekea kuitikia “ndiyo” kwa kila swali. Kwa hiyo kutolalamika kwake si uthibitisho kwamba yu salama. Mhudumu, mpime mwili wote kwa faragha, umwulize “Nini kilitokea?” badala ya “Ulipigwa?”, na uandike kila jeraha. Kukojoa kitandani kulikoanza ghafla, au kumwogopa mlinzi fulani, kuchunguzwe. Ndugu, mtembeleeni, mkawaeleze wahudumu namna anavyoonyesha maumivu.