Somo la shamba: Kamera nayo hupimwa kama mizani



Kwenye depo ya koperative, kila mmoja wetu anajua namna ya kukamata mizani inayodanganya. Kwanza tunaangalia kama sindano iko kwenye zero wakati mizani haijabeba kitu. Kisha tunaweka jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Hapo ndipo tunakubali kupima kakao au kahawa.

Somo la leo ni hili: picha ya shamba iliyopigwa kutoka juu, kwa droni au kwa satelaiti, nayo iko kama mizani. Kama haijasahihishwa, tusiitumie kung'oa hata mti mmoja.

Kwa nini tunasema kung'oa? Wazee wa upande wa Beni wanakumbuka trakeomikozi, ugonjwa wa kunyausha kahawa. Katika miaka ya 1980 na 1990 uliua robusta nyingi sana, na familia nyingi zikageukia kakao. Dawa ya kuponya mti haiko: mti mgonjwa unang'olewa na kuchomwa palepale. Kwa hiyo picha ikikosea, kuna hasara mbili. Tunaweza kuchoma mti mzima wa afya, ama kuacha mgonjwa aambukize jirani.

Kamera hii inaona nini?

Kamera ya simu inagawa mwanga katika rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kamera tunayosema hapa inagawa mwanga katika vipande vyembamba mia moja, mia mbili au zaidi, pamoja na mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Wataalamu wanaita picha zake haipaspektra.

Jani lenye afya linameza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu. Lakini mwanga ulio karibu tu baada ya mwekundu, usioonekana kwa jicho, linaurudisha karibu nusu. Mti ukiteseka, mara nyingi sehemu hiyo inayorudi inapunguka. Ndiyo alama wataalamu wanayoitafuta.

Hesabu ya kusahihisha

Kamera haitoi afya ya mti. Inatoa namba tu, na namba hiyo inapanda na kushuka kufuatana na jua. Ndiyo maana programu ya kompyuta inahitaji vitu vitatu:

1. Namba ya giza. Tunafunika kamera kabisa. Hata hapo haitoi zero, kwa sababu chombo chenyewe kina kelele yake. Ni kama beseni tupu juu ya mizani.
2. Namba ya sahani nyeupe. Ni sahani maalum inayorudisha karibu mwanga wote. Hii ndiyo jiwe letu la uzito unaojulikana.
3. Namba ya jani.

Kisha: toa giza kwenye namba ya jani, toa giza kwenye namba ya sahani, gawa ya kwanza kwa ya pili.

Tufanye mfano wa namba tulizotunga kwa somo hili. Giza ni 100 kila mara.

- Mti A, jua kali: sahani 4100, jani 1900. Ni 1800 kugawa kwa 4000, yaani asilimia 45.
- Mti A uleule, wingu limepita: sahani 2100, jani 1000. Ni 900 kugawa kwa 2000, tena asilimia 45.
- Mti B, jua kali: sahani 4100, jani 1000. Ni 900 kugawa kwa 4000, asilimia 22 na nusu.

Muangalie vizuri. Jani limetoa 1000 mara mbili. Mara ya kwanza mti ulikuwa mzima, wingu tu ndilo lilipita. Mara ya pili mti una shida. Mwenye kusoma namba mbichi angeichoma miti yote miwili. Ndiyo sababu sahani nyeupe inapigwa picha tena kila mara jua linapobadilika, si asubuhi peke yake.

Na satelaiti?

Huko juu hakuna wa kutandika sahani. EnMAP, satelaiti ya Ujerumani iliyorushwa tarehe 1 Aprili 2022, inapiga picha za aina hii. Mwanga wake unapita katika hewa yote, pamoja na mvuke wa maji, vumbi na moshi wa kuchoma mashamba. Programu inakadiria vitu hivyo na kuvitoa. Vipande vya mwanga vinavyomezwa na mvuke vinatupwa, na fasi zenye wingu zinafutwa. Kwenye vilima vya Butembo kuna kazi nyingine: mteremko uliotazama jua unang'aa, ule wa kivulini unaonekana kama mgonjwa. Nao unahitaji kusahihishwa.

Tena, kila alama ya picha ya EnMAP inafunika mita 30 kwa 30. Hektari moja inapata alama kama 11 tu. Mti mmoja hauonekani, na kakao iliyo chini ya miti ya kivuli inafichwa na miti hiyo.

Kabla ya kukubali picha, tuulize

- Ilipigwa siku gani, saa ngapi? Kulikuwa na wingu?
- Giza na sahani nyeupe vilipimwa? Mara ngapi?
- Kama ni ya satelaiti, hewa na mteremko vilisahihishwa?
- Nani alifika shambani kuhakikisha?

Swali la mwisho ni letu. Picha iliyosahihishwa vizuri bado haitaji jina la ugonjwa. Njaa ya mbolea, maji yaliyosimama kwenye mizizi na trakeomikozi vinaweza kufanana. Kwa kahawa, kwangua ganda la shina kwa kisu: mti wenye trakeomikozi unaonyesha madoa ya bluu-nyeusi chini yake. Kisha safisha kisu hicho kwa moto kabla ya kugusa mti mwingine. Na kama njia ya shamba si salama siku hiyo, musiende. Kipimo kinaweza kungoja.

Zoezi la kikundi: Giza 100, sahani 3100, jani 1450. Ni asilimia ngapi? Mti huu unafanana na A au B? Mukipata 45, mumeelewa somo.