Siku nne Koboko: tuone nini, tuache nini, tule nini?

Shangazi,
Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Naishi Leicester na mume wangu, Mkakwa wa Koboko, na watoto wetu wawili, wa miaka tisa na kumi na mitatu. Tukipata likizo fupi tumezoea kwenda mji mmoja wa Ulaya: Lisbon, Roma, Prague. Mpangaji ni mimi. Huandika orodha ya kuona, ya kuacha na ya kula. Desemba hii tunakwenda kwao kwa mara ya kwanza, siku nne Arua na Koboko, kisha Mombasa. Nilipomwomba anisaidie orodha alisema, “Kule hakuna kitu cha kuona.” Mwanetu mkubwa kasikia shuleni kwamba Idi Amin alikuwa Mkakwa, anataka apelekwe akaone nyumba yake. Alipolisema hilo, baba yake aliinuka mezani asirudi. Yeye alizaliwa ukimbizini Zaire mwaka 1981. Mama mkwe yuko Koboko, tunajuana kwa simu tu. Nifanyeje?
Mke wa Mkakwa, Leicester

Mwanangu, nitaanzia hapo mezani, kwa sababu hilo lisipokaa sawa, orodha yote haitakufaa.

Amin aliangushwa Aprili 1979. Aliishia Jeddah, akafia huko mwaka 2003 akiwa mzee. Deni lake likalipwa na watu wa kwao. Mwaka 1980 na 1981 askari wa serikali mpya walilipiza kisasi West Nile, eneo la Arua na Koboko, kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika bunduki wala kupewa cheo. Vijiji vilichomwa, Wakakwa na Walugbara na Wamadi wakavuka kwa maelfu kuingia Zaire na Sudan, wamebeba watoto na masufuria. Tarehe 24 Juni 1981, kwenye misheni ya Kikatoliki ya Ombaci karibu na mji wa Arua, askari waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia humo wakidhani padre na kanisa vitawakinga. Mumeo alizaliwa mwaka huo huo, upande wa pili wa mpaka. Kisha akakua, na kila akitaja kwao, wa kwanza kuulizwa ni Amin.

Sasa mwanawe mwenyewe kamuuliza. Ndiyo maana aliinuka.

Nyumba ya Amin iondoe kwenye orodha kabisa. Lakini kijana wa miaka kumi na mitatu asiachwe na jibu la kimya, maana atajijibu mwenyewe kwa maneno ya shuleni. Kaa na mumeo mkiwa wawili, watoto wamelala, umwambie unajua kilichotokea mwaka 1981 na kwamba ungependa mtoto akisikie kutoka kwake kabla ya kupanda ndege. Akikataa, usimsukume, bibi yupo. Na akikubali siku moja kuwapeleka Ombaci, nendeni mkanyamaze pale pamoja, simu zikiwa mifukoni. Hilo aamue yeye, wewe usimpangie siku wala saa.

Sasa safari. Huko Prague hapakuwa na mtu aliyekuwa akikungoja. Koboko unangojwa, na anayekungoja ana haki ya kwanza juu ya siku zako nne. Mtafika Arua mmechoka, na mumeo pengine atataka mlale hotelini siku mbili “tupumzike kwanza.” Mkatalie kwa upole. Kutoka Arua hadi Koboko ni lami tupu, barabara ile ile inayotoka Vurra kwenye mpaka wa Kongo hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, na kipande chenu hakifiki hata kilomita sitini. Malizeni safari siku hiyo hiyo. Mkwe anayefika kwa mama mkwe akiwa ameshatembea mji mzima huanza na doa.

Kutoka Kampala hadi Arua ni kama kilomita 500, basi nakusihi mwende kwa gari na mchana. Wengi husafiri kwa mabasi ya usiku na hawaoni chochote. Kama watoto wanataka faru, wako njiani, hifadhi ya Ziwa wilayani Nakasongola. Faru wa mwituni waliisha Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ujangili, na hawa wa Ziwa walianza kuletwa mwaka 2005. Waeleze watoto kwamba kule mnakokwenda kuna mahali panaitwa Rhino Camp, ukingoni mwa Nile, na kwamba Theodore Roosevelt alipiga kambi sehemu hizo mwaka 1910 kuwinda faru weupe. Jina limebaki, faru wale waliisha.

Karuma fungeni vioo, nyani wa pale huingiza mkono. Daraja la Karuma na lile la Pakwach yanalindwa na askari, na kupiga picha kutakuleteeni maswali ya nusu saa. Kabla ya Pakwach macho yawe nje, ndovu huonekana kandokando ya barabara.

Pakwach yenyewe simameni. Hapo ndipo watu wa Kiluo wanaposema ndugu wawili, Gipir na Labongo, walitengana. Gipir alichukua mkuki wa Labongo kumfukuza ndovu shambani, ndovu akakimbia nao mwilini. Labongo akakataa mkuki mwingine wowote, akataka ule ule wake. Gipir akauendea porini mpaka akaupata, akarudi pia na ushanga aliopewa huko. Baadaye mtoto wa Labongo akaumeza ushanga, na safari hii Gipir ndiye aliyekataa mwingine wowote. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakazika shoka, mmoja akavuka mto, mwingine akabaki. Wasimulie watoto wako hapo hapo, maji yakiwa mbele yao. Sijui kasri la Ulaya litakalowakaa kichwani kama hilo.

Kula. Hapa nina neno kali kidogo: msile chipsi na kuku wa hoteli siku nne halafu mseme mmefika West Nile. Kuleni ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi, ambao Walugbara huuita enyasa. Ni mweusimweusi, unavutika, na mtoto aliyezoea sima nyeupe ya Mombasa ataushangaa. Mwache ashangae, ale. Mboga yake ni osubi, majani ya kunde, yakiungwa kwa ufuta au karanga zilizosagwa. Kisha ulizeni angara. Ni samaki wa Ziwa Albert na Nile anayekaushwa, ana miba mingi, harufu yake hujaza nyumba, na akipikwa kwenye karanga mchuzi wake hauna mfano. Wewe mtu wa pwani unayejua papa na ng'onda hutapata shida. Asali ya huko ni nzito na nyeusi. Nunua ya kupeleka Mombasa. Koboko Waislamu ni wengi, hivyo suala la nyama ya halali halitakusumbua.

Ila usimwagize mama mkwe apike nini. Ingia jikoni siku ya pili, shika mwiko, uonyeshwe namna ya kuusonga ule ugali. Utamharibia chungu kimoja, na mtakuwa mmeshazoeana.

Kuhusu lugha una bahati kuliko unavyofikiri. Kiswahili kimeingia sehemu hizo kwa jeshi, kwa biashara na kupitia Kongo, na Koboko utakisikia pamoja na Kikakwa na Kinubi cha wajukuu wa askari wa Emin Pasha. Hakitafanana na chako. Usimsahihishe mtu, na watoto wasicheke.

Siku ya tatu mwombe mama mkwe mwenyewe awapeleke soko la Arua. Yeye aongoze, wewe ubebe kikapu. Vitenge kutoka Kongo viko tele hapo, kwa hiyo huna haja ya kwenda kuvifuata Ariwara ng'ambo, ingawa mashemeji watakushawishi. Wao huvuka na kurudi kama mtu anayekwenda kwa jirani. Wewe una watoto, na kama unasafiri kwa pasi ya Uingereza, bila viza ya Kongo utajiponza. Ukiuza sura sokoni, jifunze kusema “mi ngoni” kwa salamu na “awa'difo” kwa asante, Kilugbara hicho. Na kama timu ya Onduparaka inacheza nyumbani, waachie mumeo na kijana jioni hiyo. Klabu hiyo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2016 mji wote uliifuata, na baba na mwana wanahitaji kitu cha kupigia kelele pamoja.

Karibu na Koboko kuna Salia Musala, ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Watoto watapapenda, lakini ulizeni hali ya mpaka asubuhi hiyo hiyo na mwende na mwenyeji.

Kambi za wakimbizi, Bidi Bidi ya Yumbe au makazi ya Rhino Camp, msiende kutazama. Watu wa Sudan Kusini waliomo si maonyesho, na mumeo, aliyezaliwa katika hali hiyo hiyo, hapaswi kusimama pale kama mtalii. Mkiwa na ndugu au rafiki humo wa kumtembelea, hilo ni jambo jingine, na mwende na sukari na sabuni.

Mwisho, vyeti vya chanjo ya homa ya manjano kwa wote wanne, dawa za malaria, na leso mbili nzuri za Mombasa kwa mama mkwe. Agiza dada zako wakutumie Kampala kabla hujapanda West Nile, usingoje kuzinunua unaporudi.